Mtu si Mawe ya Karasha

Najua nimekuwa kimya karibu wiki tatu, msinilaumu. Tulikuwa na test mfululizo, bumu nalo likachelewa, kwa hiyo hata bando likawa anasa. Leo nimeamka mapema nikawahi kimbweta kabla jua halijawa kali, maana kuna jambo limenikaa kooni tangu likizo na nisipolisema litanichacha humo humo.

Test ya mwisho ilikuwa ya falsafa ya elimu. Swali la kwanza: eleza jinsi wanafalsafa wa kale wa Ugiriki walivyomwelewa mtu. Ukweli ni kwamba nusu ya darasa tulikuwa na desa lilelile. Socrates: jitambue. Plato: mtu ni roho iliyofungwa ndani ya mwili. Aristotle: mtu ni mnyama mwenye akili. Mistari mitatu, ukiipamba kwa maneno unajaza kurasa mbili. Nikaandika, nikapata alama nzuri tu. Lakini baadaye nikagundua kwamba nimepewa alama kwa jambo ambalo sikulielewa hata kidogo, na aliyenifanya nigundue hakusoma zaidi ya darasa la saba.

Mimi kwetu Geita, wengi mnajua. Siku hizi kwenda nyumbani kutokea Mwanza hakuna tena foleni ya kivuko pale Kigongo, maana tangu Juni 2025 tunapita juu ya ziwa kwa daraja. Nilipofika nikaenda kumsalimia mjomba wangu, ana karasha upande wa Katoro. Kwa wale msiojua machimbo: mawe yanatoka duarani yakiwa kwenye viroba, karasha inayasaga mpaka yanakuwa unga, unga unaoshwa, zebaki inakamata chembe za dhahabu, na kinachobaki kinaitwa marudio. Tani nzima ya mawe inaweza kukupa gramu chache tu. Mengine yote ni udongo wa kutupa, au wa kumuuzia mtu mwingine mwenye mtambo wa kuchenjua.

Baada ya shikamoo na habari za safari, mjomba akaniuliza, "Mpwa wangu, hivi huko chuo mnasoma nini hasa?" Kwa kuwa test ilikuwa bado mbichi kichwani nikajibu kwa mbwembwe kwamba tunasoma mtu ni nini. Akacheka mpaka akazima mashine. "Hilo nalo la kusomea? Mtu ni kama haya mawe. Kwa nje wote wanafanana. Mpaka umsage ndo unajua kama ana kitu ndani."

Vijana wa pale wakacheka, na mimi nikacheka. Mjomba hakuwa na ubaya wowote, alimaanisha shida ndizo zinazomwonyesha mtu alivyo. Ila usiku ule nimelala nikaanza kulirudia lile neno, na usingizi ukakata. Maana kwetu kuna watu walilichukua vilevile lilivyo. Waliamini kweli kwamba kuna mtu ambaye ukimkata utakuta kitu ndani yake, na kwamba kitu hicho kinaita dhahabu.

Mwaka 2015 nilikuwa darasa la sita. Dawati letu tulikaa watatu, na mmoja wetu alikuwa binti mwenye ualbino. Alikuwa mzuri sana wa hesabu, ila ubaoni hakuona vizuri, kwa hiyo mimi nilimsomea namba yeye ananipa majibu. Biashara yetu ilikuwa hiyo. Februari mwaka ule, kule Chato, mtoto mwenye ualbino aliyekuwa na mwaka mmoja tu alinyang'anywa mikononi mwa mama yake, mama akajeruhiwa kwa panga akimtetea, na siku chache baadaye mwili wa mtoto ukakutwa hauna mikono wala miguu. Wiki hazikupita nyingi, dawati letu tukabaki wawili. Walimu wakasema amepelekwa shule ya bweni yenye ulinzi, kama wale watoto wengi waliokuwa wanapelekwa Buhangija pale Shinyanga.

Sasa sehemu ambayo sijawahi kuisema. Mtaani watu kama yeye waliitwa "dili". Dili maana yake mchongo, kitu cha kukupatia hela. Na mimi nilimwita hivyo. Si mara moja. Tulikuwa tunatania tu, au ndivyo tulivyojiambia. Nilikaa naye dawati moja, nikala naye mihogo wakati wa mapumziko, halafu nikamwita kwa jina la bidhaa. Kwa hiyo nikiandika leo kuhusu Wagiriki msidhani nataka kujionyesha nimesoma. Natafuta jibu la swali ambalo nililijibu vibaya nikiwa na miaka kumi na miwili.

Haya, turudi kwa mzee Socrates. Huyu hakuandika kitabu, tunamjua zaidi kupitia mwanafunzi wake Plato. Mwaka 399 kabla ya Kristo watu wa Athens walimhukumu kifo, kwamba hawaheshimu miungu ya mji na anaharibu vijana. Kwenye kitabu cha Plato kiitwacho Phaedo yupo gerezani siku yake ya mwisho na rafiki zake. Anawaambia, hebu fikirini, mtu akiulizwa kwa nini Socrates amekaa hapa, akajibu kwamba ni kwa sababu ana mifupa na misuli inayokunjika hivi na hivi, si atakuwa amejibu upuuzi? Maana kama ingekuwa ni habari ya mifupa tu, mifupa hii ingeshatoroka zamani kwenda Megara. Amekaa kwa sababu ameamua kwamba kukaa ndiyo haki. Halafu rafiki yake Crito anamuuliza wamzikeje. Socrates anacheka, anamwambia mnizike mtakavyo, ila kwanza mnikamate. Yaani mwili mtakaozika siyo mimi.

Nimeisoma sehemu hiyo mara nne. Desa lilisema "jitambue" likaishia hapo. Halikusema kwamba kujitambua kwa Socrates ni kujua kuwa wewe si mifupa yako, na kwamba kazi kubwa ya mtu ni kuitunza nafsi yake isiwe dhalimu. Kwenye Gorgias anakwenda mbali zaidi: ni afadhali kutendewa dhuluma kuliko kuitenda, kwa sababu anayeitenda anajiharibu mwenyewe pale hasa alipo. Pima hilo kwa kesi zetu. Aliyeshika panga kule Chato alidhani anachukua kitu cha mtoto. Socrates angemwambia, wewe ndiye uliyejikata.

Plato akalijenga zaidi. Nafsi ina sehemu tatu: akili, hamasa ile inayokufanya ukasirike na kuona aibu, na tamaa. Mtu mzima ni yule ambaye akili inaongoza, kama dereva wa gari la farasi wawili, mmoja mtiifu na mwingine mkorofi. Sisi tuliokulia machimboni huyo farasi wa pili tunamjua vizuri sana. Mtu amepata mawe mazuri Jumatatu, Jumatano amelala kwenye baa ya Katoro hana hata nauli.

Lakini kuna sehemu ya Plato ambayo mtu wa Geita lazima aruke akiisoma. Kwenye kitabu chake cha Jamhuri anasema watu wa mji wasimuliwe hadithi kwamba Mungu alipowaumba aliwachanganyia madini. Watawala wana dhahabu, wasaidizi wao wana fedha, wakulima na mafundi wana chuma na shaba. Yeye mwenyewe anakiri kwamba ni hadithi ya kutunga, uongo wa manufaa ya mji. Na kwa haki yake, anaongeza kwamba mzazi wa chuma anaweza kuzaa mtoto wa dhahabu na wa dhahabu akazaa wa chuma, kwa hiyo walezi wawe macho wamweke kila mtoto panapomfaa.

Nimekaa nalo sana hili. Upande mmoja ni zuri: mtoto wa mchimba duara anaweza kuwa na dhahabu ndani. Mimi mwenyewe nimefika hapa kwa matumaini hayo. Lakini upande wa pili ndio ule wa karasha. Ukishasema thamani ya mtu ni madini yaliyo ndani yake, kinachofuata ni kutafuta namna ya kuyatoa. Na hao wengine ni nini? Marudio? Sisi walimu watarajiwa tuna karasha yetu, inaitwa mtihani. Tunaingiza mia, tunachukua gramu chache, tunaita division one, na waliobaki tunasema hawana kitu. Sisemi mtihani na muuaji ni kitu kimoja, msinielewe vibaya. Nasema wazo la chini yake linafanana: kwamba mtu ni mfuko, na cha maana ni kilichomo.

Ndo maana mimi, kama nalazimishwa kuchagua, nipo na Aristotle. Huyu alikuwa mwanafunzi wa Plato, alikaa kwenye shule yake kama miaka 20, halafu akamkatalia mwalimu. Kwake nafsi si kitu kilichofichwa ndani ya mwili. Anatoa mfano wa shoka: kama shoka lingekuwa na uhai, nafsi yake ingekuwa ule ushoka wake, kule kuweza kukata. Jicho lingekuwa mnyama, nafsi yake ingekuwa kuona. Huwezi kupasua jicho ukaukuta "uoni" umekaa pembeni kama chembe ya dhahabu. Nafsi ni namna mwili mzima unavyoishi na kutenda kazi.

Halafu anasema jambo ambalo natamani lingebandikwa kwenye kila stendi kuanzia Shinyanga, Kahama, Ushirombo mpaka Chato. Mkono uliokatwa kwenye mwili si mkono tena. Tunauita mkono kwa jina tu, kama tunavyouita mkono wa sanamu ya jiwe. Mkono ni mkono kwa sababu ya mtu mzima anayeutumia kushika, kulima, kuandika hesabu. Ukishautenganisha naye, umebaki na nyama yenye umbo la mkono.

Mnaelewa maana yake? Waliokuwa wanauza viungo walikuwa wanauza kitu ambacho hakipo. Hakuna nguvu ya mtu iliyobaki kwenye kiungo, kwa sababu nguvu ya mtu haikuwahi kuwekwa humo. Yule binti wa dawati letu alichokuwa nacho cha thamani, zile hesabu, vile alivyocheka huku anafinya macho kwa sababu ya jua, hakuna mganga anayeweza kukitia kwenye kibuyu. Na kwa sayansi ya leo tunajua pia kwamba ualbino ni suala la kurithi, mtoto anapokea vinasaba hivyo kwa baba na kwa mama, mwili unakosa rangi ya kutosha kwenye ngozi, nywele na macho. Basi. Hapa Tanzania inakadiriwa ni mtu mmoja kati ya 1,400.

Sasa msije mkadhani namtangaza Aristotle kuwa mtakatifu. Mzee huyohuyo ndiye aliyeandika kwamba kuna watu ambao kwa asili ni watumwa, akamwita mtumwa chombo chenye uhai. Niliposoma hapo nilifunga kitabu. Mtu aliyeuelewa mkono vizuri vile, alishindwa kumwelewa jirani aliyekuwa anamchotea maji! Nadhani kosa lake ni hili: aliweka kipimo. Akasema mtu kamili ni mwenye uwezo wa kupanga mambo kwa akili yake, halafu akaamua mwenyewe nani anao na nani hana. Ukishaweka kipimo cha utu, daima kuna atakayebaki nje, na anayebaki nje si yule aliyeshika kipimo.

Miaka kama 400 baada yake akatokea mtu wa kumjibu, naye alikuwa mtumwa kweli. Anaitwa Epictetus, alizaliwa Hierapolis, ambayo leo ipo Uturuki, alikuwa kilema wa mguu na alitumikia Roma. Baadaye aliachiwa huru akawa mwalimu. Alifundisha kwamba mguu wangu unaweza kuufunga pingu, lakini uamuzi wangu hata Zeus hawezi kuufunga. Mtu ni pale anapokubali na anapokataa. Na mafundisho ya huyo "chombo chenye uhai" yakaja kusomwa na mfalme wa Roma, Marcus Aurelius, akajifunza kwake namna ya kuishi. Ningependa kuona sura ya Aristotle angeambiwa hivyo.

Najua kuna wadau watasema, kwani lazima Wagiriki? Sisi hatuna yetu? Tunayo. Tunasema mtu ni watu. Tuna neno utu, ambalo halipimi mtu ana nini ila anaishije na wenzake. Wasukuma wanasema munhu, neno lilelile kwa ndugu yetu na kwa mgeni. Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilianza na imani kwamba binadamu wote ni sawa. Lakini tusijipigie makofi haraka. Vijiji vilivyokuwa na methali hizo ndivyo vilivyosema wenye ualbino hawafi, wanapotea tu. Hebu lisikilize vizuri hilo neno "wanapotea". Anayekufa ni mtu. Anayepotea ni kivuli. Kwa hiyo na sisi tulikuwa na kipimo chetu, na mwenzangu wa dawatini alikuwa upande wa nje.

Rafiki yangu mmoja tuliyebishana naye hapa hapa kwenye kimbweta alisema nazungusha maneno tu, kilichoua watu kule ni umaskini, falsafa haina lake. Nilimjibu hivi. Umaskini upo, nimeuishi. Lakini maskini hanunui kiungo, anayenunua ana hela. Na njaa inakuambia utafute chakula, haikuambii kwamba mkono wa mtoto unaita dhahabu. Hiyo lazima uwe umeiamini kwanza, na kuamini kwamba mtu ni kitu cha kuchimbwa ni falsafa tayari, japo mbaya. Umoja wa Mataifa ulihesabu zaidi ya 70 waliouawa hapa nchini tangu mwaka 2000. Septemba 2009 Mahakama Kuu ikikaa Kahama iliwahukumu wanaume watatu adhabu ya kifo kwa kumuua mvulana mwenye ualbino wilayani Bukombe, na hukumu ya namna hiyo ilikuwa ya kwanza. Januari 2015 serikali ikapiga marufuku waganga wapiga ramli. Yote hayo yalihitajika. Lakini Mei 2024 kule Muleba, Kagera, mtoto wa miaka miwili akachukuliwa tena nyumbani kwao, na Juni mwili wake ukapatikana umekatwa viungo. Sheria inamkamata aliyeshika panga. Wazo lililomshikisha panga linakamatwa wapi? Naona ni darasani, na mwakani huko darasani tutakuwa sisi.

Kwa hiyo rai yangu kwa wenzangu wa ualimu ni fupi. Somo la falsafa tusilidese. Tukienda fildi, mtoto mwenye ualbino akae mbele aone ubao, aruhusiwe kofia na mikono mirefu juani, na aitwe jina lake alilopewa na wazazi. Ukisikia darasa lako linamwita kwa jina la bidhaa, simamisha hesabu, hesabu zitasubiri. Na yule wa mwisho kwenye mtihani usimwite hana kitu. Si mawe yale.

Mimi mwalimu wangu wa darasa la sita alitusikia, siku moja, akatabasamu akaendelea kuandika ubaoni. Simhukumu sana, wote tulikuwa tumekulia hapohapo. Ila nakumbuka kwamba alisikia.

Kabla sijarudi chuoni nilipita tena kwa mjomba. Nikamwambia, mjomba, nimelifikiria lile jambo, mtu si mawe, ukimsaga hupati kitu, unapoteza kila kitu. Akanyamaza kidogo, akafuta vumbi usoni. Akasema, "Ni kweli. Ila hilo hamkupaswa kulisomea chuo kikuu." Sikuwa na jibu. Mpaka leo sina.

Na wewe uliyenipa majibu ya hesabu mwaka 2015, kama kuna siku utapita ukurasa huu: nilikuita jina ambalo si lako. Nisamehe. Jina lako nalikumbuka, silitaji hapa kwa usalama wako tu.

Wadau naomba kuwasilisha. Wenye mawazo tofauti karibuni, ila wa test ya Ijumaa tukutane maktaba, nina desa jipya, safari hii nimeliandika mwenyewe.